Alama ya Kijani

Wiki ya kufungua shule, duka la vifaa vya kuandikia huwa halina adabu. Wazazi wanasukumana na orodha mikononi, madaftari yanaporomoka kutoka rafu za juu, na muuzaji anajibu watu watatu kwa mdomo mmoja. Katikati ya vurugu hiyo mikono miwili ilishika pakiti moja ya vikaratasi vya njano vya kubandika, pakiti ya mwisho dukani, na hakuna mkono uliokubali kuachia.

Mmoja ulikuwa wa mwanamke mwenye gauni la buluu iliyokoza na kalamu ya kijani aliyoichomeka kwenye nywele alizozibana nyuma. Wa pili ulikuwa wa mwanaume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, tabasamu la mtu aliyezoea kukubaliwa.

"Dada, nilitangulia," alisema.

"Ulitanguliza kidole. Pakiti nimeishika mimi."

"Basi niambie unavitaka vya nini. Shida yako ikizidi yangu, nakuachia."

Mwanamke alikuwa na jibu la mkato mdomoni, lakini siku ile ilikuwa imemchosha, na uchovu humfanya mtu aseme kweli. "Mama yangu ameanza kusahau. Navibandika jikoni, ajue sukari ni ipi na chumvi ni ipi."

Mwanaume aliachia papo hapo. Alisema yeye alivitaka kwa ajili ya ubao wa ofisini, na ubao hauli, unaweza kungoja. Mwanamke akamtazama, akaipasua pakiti palepale mbele ya muuzaji aliyekodoa macho, akampa nusu. Walipofika mlangoni mwanaume aliomba namba ya simu, eti ajue kama sukari imepatikana.

Jumatatu asubuhi, kwenye kampuni ya kutengeneza programu za simu ghorofa ya tano, Mkurugenzi aliwaita wafanyakazi wote akawatambulisha kwa mtu aliyeajiriwa kuwafundisha utaratibu mpya wa kazi. Kocha huyo alikuwa na shati jeupe na nusu pakiti ya vikaratasi vya njano. Mwanamke wa kalamu ya kijani aliinamisha kichwa kuficha kicheko.

Yeye alikuwa mpimaji. Kazi yake ilikuwa kuichokonoa programu mpaka ikiri makosa yake kabla haijamfikia mteja, na kwa sababu hakuna kosa lililompita, wenzake walimbatiza Bi Kasoro. Jina hilo halikumuudhi. Nyumbani alikuwa na mama ambaye kila wiki alipoteza kitu kimoja kichwani, na ilimfariji kuwa na mahali ambapo kitu kikipotea yeye hukipata.

Utaratibu mpya uliitwa Wepesi. Badala ya kupanga mradi wa mwaka mzima na kugundua mwishoni kwamba umeharibika, kazi zingekatwa vipande vidogo, kila kipande kiandikwe kwenye kikaratasi, na vikaratasi vitembee ubaoni katika safu tatu: Bado, Inaendelea, Imekwisha. Kila asubuhi timu ingesimama dakika kumi kuambizana nani amekwama. Kila Ijumaa wangekaa kujitazama na kusema kilichoharibika bila kutafuta mchawi.

"Neno la hatari kuliko yote ofisini ni 'imekwisha'," Kocha aliwaambia siku ya kwanza. "Anayeandika programu akisema imekwisha, maana yake amechoka. Bosi akisema imekwisha, maana yake ameshamwahidi mteja. Kwa hiyo hapa, kikaratasi hakiingii safu ya tatu mpaka Bi Kasoro akipime mwenyewe na kukitia alama kwa kalamu yake ya kijani. Hata mimi sina ruhusa."

Mkongwe wa timu, mzee aliyeandika programu tangu kompyuta zinajaza chumba kizima, alinong'ona kwamba huyu kijana ana akili. Moyo wa Bi Kasoro ulikuwa umekwenda.

Wakapendana, na hawakujificha sana. Saa ya chakula Kocha alimpigia simu kutoka meza iliyo hatua kumi na mbili tu kutoka yake.

"Nimekwama," alisema kwenye simu.

"Umekwama wapi?"

"Kuna mtu kachomeka kalamu kichwani. Kila nikitaka kufanya kazi naiona."

"Hilo si kosa la programu, roho yangu. Ni kosa la mtumiaji."

Mwezi wa pili wa mapenzi yao Bi Kasoro alimpeleka Kocha nyumbani. Jikoni kila kitu kilikuwa na kikaratasi: Sukari. Chumvi. Zima jiko. Dawa, kimoja asubuhi. Mama aliviamini vikaratasi hivyo, kwa sababu mwandiko ulikuwa wa mwanawe. Kwenye mlango wa friji wapenzi walichora ubao wao kwa utani, safu tatu za utepe, wakabandika vikaratasi viwili chini ya Bado: Kujuana na mama, na Kuoana. Kocha alikunywa nusu kikombe cha chai, akamwambia mama shikamoo na kwaheri, na alipokuwa anaondoka alikihamisha kikaratasi cha kwanza moja kwa moja mpaka Imekwisha.

Bi Kasoro alicheka. Alisema mbona hakijapimwa. Kocha alimbusu kwenye paji la uso, na jambo hilo likapita.

Ofisini Wepesi ulianza kuota kutu taratibu. Asubuhi moja Mkurugenzi alikuja na kiti kwenye kikao cha kusimama, akaketi. Tangu hapo watu waliacha kuambizana nani amekwama, kila mmoja akawa anamgeukia aliyeketi na kujieleza kama mwanafunzi aliyechelewa. Dakika kumi zikawa saa nzima. Kisha Mkurugenzi akagundua kwamba vikaratasi vinahesabika, akaweka lengo la ishirini kwa wiki. Watu si wajinga. Kitufe kimoja cha kutuma ujumbe kilizaa vikaratasi vitatu: kukichora, kukipaka rangi, na kuhakikisha kinabonyezeka. Vikao vya Ijumaa, ambavyo wiki za mwanzo viliwahi kumtoa Mkongwe machozi kwa ukweli uliosemwa, vilikufa siku Mkurugenzi alipoingia na daftari la kuandika nani kasema nini. Baada ya hapo tatizo pekee la kampuni likawa maji ya kunywa kutokuwa baridi.

Bi Kasoro alimwambia mpenzi wake azungumze na Mkurugenzi. Wepesi si haraka, alimwambia, wewe ndiye uliyetufundisha. Kocha alikubali kila neno. Alisema atazungumza wiki ijayo. Alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni, na wiki ijayo ilikuwa haifiki.

Kazi kubwa ya msimu ule ilikuwa ya kliniki ya presha: programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu alfajiri ya siku ya miadi yao. Bi Kasoro aliipenda kazi hii kuliko zote, maana mama yake alikuwa mgonjwa wa kliniki hiyohiyo. Alimwambia mama, "Ujumbe ukija kwenye simu yako uuamini. Naukagua mimi mwenyewe kabla haujakufikia." Mama aliitikia, akamwomba amwandikie hilo kwenye kikaratasi. Akamwandikia.

Ijumaa moja mama aliamka akiwa amechanganyikiwa, haoni viatu alivyovivaa. Bi Kasoro aliomba ruhusa akabaki nyumbani, na jioni mama alikuwa ametulia. Jumamosi Kocha alipiga simu kumwalika kifungua kinywa kesho yake. Sauti yake ilikuwa chini kidogo. Alipoulizwa ana nini, alisema ni uchovu wa wageni wa kliniki waliokuja jana kuutazama ubao.

Jumapili walikaa kwenye mgahawa wenye bustani. Bi Kasoro alivaa gauni la njano ambalo alikuwa akilihifadhi kwa siku ya maana, maana alihisi huenda kikaratasi cha pili kikazungumzwa. Kocha alikuwa akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Mara mbili alifungua mdomo akaufunga. Saa tano simu ya Bi Kasoro ililia, na aliyepiga alikuwa mlinzi wa kliniki.

Mlinzi alisema kwa upole kwamba kuna mama hapa getini, namba hii ameikuta kwenye karatasi ndani ya mkoba wake. Tangu saa moja na nusu asubuhi wazee kama thelathini walikuja na simu mikononi, wote wakiambiwa leo ni siku yao, na kliniki Jumapili haifunguliwi. Wengine walirudi makwao. Huyu mama alikataa kuondoka. Alisema mwanawe amemwambia auamini ujumbe.

Walimkuta amesimama juani, kilemba kimelowa jasho, midomo mikavu, simu ameishika kwa mikono miwili. Walimrudisha kwa teksi. Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye friji, ambako kikaratasi cha mwanawe kilisema: Kliniki, Jumatatu.

"Karatasi yako ilisema Jumatatu," mama alisema. "Simu yako ikasema leo. Wote ni wewe. Nimwamini nani?"

Kisha akaanza kuvibandua. Sukari, chumvi, zima jiko, kimoja baada ya kingine, bila hasira, akavikunja na kuviweka kwenye kiganja cha mwanawe kama mtu anayerudisha vitu vya kuazima. Ubao wa utani peke yake haukuguswa, kwa kuwa haukuwa wake.

Jumatatu Mkongwe alieleza kosa kwa maneno machache. Saa ya mashine inayotuma ujumbe ilifuata saa za nchi ya mbali, kwa hiyo miadi ya asubuhi na mapema ilirudi nyuma siku moja. Mtu yeyote ambaye angejaribu miadi moja tu ya saa mbili asubuhi angeliona. Mkurugenzi alikwenda ubaoni, akakibandua kikaratasi cha Ujumbe wa Miadi kutoka safu ya Imekwisha, akakiinua juu.

"Alama hii ya nani?"

Ilikuwa ya kijani. Bi Kasoro aliitazama. Hakukumbuka kukipima kikaratasi hicho. Hakukumbuka kukishika. Alitafuta kichwani kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha giza, na hakukuta ukuta.

"Yangu," alisema.

Hakuna aliyejua kilichomwingia pale. Karipio la Mkurugenzi lilimpita juu kwa juu. Alikuwa akimfikiria mama, jinsi ugonjwa ulivyoanza, si kwa kusahau majina, bali kwa kukuta vitu alivyovifanya mwenyewe na kuapa hajavifanya. Ulianza hivihivi. Sasa umenifikia mimi.

Jioni ile alimwambia Kocha kila kitu kwenye simu, akilia.

"Umechoka tu, kipenzi," Kocha alisema. "Kila mtu husahau. Pumzika."

Jumanne Bi Kasoro alianza kujiandikia. Jumatano meza yake ilikuwa na vikaratasi tisa: Umefunga mlango wa nyumba. Umempa mama dawa. Alimpigia daktari kuomba miadi yake mwenyewe, akasema umri wake, na daktari akamwomba aurudie. Kila jioni Kocha alimwambia apumzike, na kila jioni Bi Kasoro alimshukuru Mungu kwa kumpa mwanaume asiyemkimbia.

Alhamisi mchana Kocha alipita mezani pake akakuta kikaratasi kipya kwenye ukingo wa kompyuta. Kilisema: Umekula. Usile tena. Alisimama pale akikisoma mpaka Bi Kasoro aliporudi kutoka msalani. Uso wa Kocha ulikuwa wa mgonjwa. Alimwomba watoke wakazungumze kwenye ngazi.

"Ile alama si yako," alisema.

Hakuelewa. Kocha alishika chuma cha ngazi akamweleza. Ijumaa ile vikaratasi vilikuwa kumi na tisa. Wageni walikuwa kwenye lifti na Mkurugenzi. Kalamu ya Bi Kasoro ilikuwa mezani, kaisahau tangu jana yake. Alijiambia funika kombe, Jumatatu atamwomba akipime kimyakimya. Hakujua kwamba vijana wa kutoa programu kwa wateja hutazama alama tu, na jioni ileile waliitoa. Jumapili alikusudia kumwambia. Kisha simu ikalia.

Bi Kasoro aliketi kwenye ngazi. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa nafuu, kubwa kiasi cha kutaka kucheka. Kichwa chake kilikuwa kizima. Halafu nafuu ikapita, na akaona kilichokuwa nyuma yake.

"Kuiga alama yangu ningekusamehe," alisema. "Uliogopa, watu huogopa. Lakini siku nne umenisikia nikilia kwamba nawehuka. Siku nne ulikuwa na dawa mfukoni, ukaniambia nipumzike."

"Kila siku nilitaka kukwambia."

"Najua. Wiki ijayo."

Alipanda ngazi akamwacha pale.

Kesho yake, kwenye kikao cha Ijumaa, mbele ya Mkurugenzi na daftari lake, Kocha alisimama akasema alama aliitia yeye, na akasema pia kwamba lengo la ishirini ndilo lililomshika mkono. Ulikuwa ukweli wa kwanza kusemwa chumbani mle kwa miezi mitatu. Mkurugenzi aliuandika, na kabla ya saa kumi Kocha alikuwa amekabidhi kadi ya mlangoni. Ubao ulibaki. Lengo likapandishwa hadi ishirini na mbili.

Nyumbani mambo yalizidi kuharibika. Bila vikaratasi mama alitia chumvi kwenye chai, akaacha jiko likiwaka, akasimama katikati ya jikoni lake kama mgeni. Bi Kasoro aliandika vipya mara mbili, na mara mbili mama alivibandua. Alisema karatasi zina maneno mengi.

Baada ya miezi miwili simu ililia mchana.

"Sikuombi turudiane," Kocha alisema. "Naomba kuja kwa mama. Jumamosi, saa moja tu."

"Hatakujua."

"Najua. Kwenye friji yenu imeandikwa tumejuana. Hapo pia nilidanganya."

Bi Kasoro alikuwa bado anampenda, na ilimuuma kugundua kwamba mapenzi hayakuwa yamepata habari ya yaliyotokea. Akamwambia aje.

Alikuja na shati lisilopigwa pasi. Hakubandika kitu. Aliketi na mama mezani, akaweka mikebe miwili mbele yake, akamwomba aonje. Mama akaonja, akakunja uso. Chumvi, alisema. Akaonja wa pili. Sukari. Ndipo Kocha akaandika Sukari, akampa mama karatasi aibandike kwa mkono wake mwenyewe. Jumamosi ile walimaliza mikebe minne. Ya pili, miwili. Ya tatu walianza upya, kwa sababu mama alikuwa amesahau kwamba ameonja, na Kocha hakusema tulishamaliza hii. Bi Kasoro aliwasikiliza kutoka chumba cha pili akijifanya anakunja nguo.

Jumamosi zikawa kumi na moja. Mama alianza kumngojea kijana wa mikebe. Ya kumi na mbili Kocha alipoingia, mama alimtazama kwa adabu ya mwenyeji.

"Karibu baba. Wewe ni nani wetu?"

Kocha alijitambulisha kama siku ya kwanza. Mama akafurahi kumfahamu. Kisha akageuka kwenye jiko, ambako mwanawe alikuwa akikoroga mchuzi, akainamia sikio la mgeni.

"Na yule dada anayetupikia ni nani?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Bi Kasoro hakugeuka. Alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo tangu duka la vifaa vya kuandikia, na maandalizi yote hayakumsaidia kitu. Machozi yalidondoka bila sauti.

Kocha alinyanyuka. Alikwenda kwenye friji, akakibandua kikaratasi cha Kujuana na mama kutoka safu ya Imekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu Bi Kasoro amjue akakirudisha nyuma. Akakibandika chini ya Inaendelea, akakikandamiza kwa kidole gumba kishike. Macho yake yakaenda kwenye kikaratasi kingine, kile cha Kuoana, kilichokuwa kimepauka chini ya Bado. Mkono wake ukabaki chini.

"Hicho niachie mimi," Bi Kasoro alisema.

Akapangusa uso kwa kiganja. Akakichukua yeye mwenyewe, akakisogeza safu moja, kando ya cha mama. Hakukitia alama. Kocha alikitazama, kisha akamtazama yeye.

Halafu Bi Kasoro akachomoa kalamu ya kijani kwenye nywele, akaandika neno moja kwenye kikaratasi kipya, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama. Mama alikisoma polepole. Kilisema: Mwanao.

Alipotaka kukibandika kifuani pake, mama alimshika mkono. Alimpapasa shavu kwa vidole. Alinusa nywele zake. Alimtazama kama alivyoitazama mikebe, kwa bidii yote ya mtu aliyewahi kudanganywa na karatasi.

"Ngoja kwanza," mama alisema. "Bado."

"Sawa, mama," alijibu, kikaratasi kimening'inia kidoleni. "Hatuna haraka."

Kocha alizima jiko, akavuta kiti, akaketi karibu nao.